Raha inayoanzia mizunguko elfu sita

Honda S2000 ni gari dogo la paa la kukunja ambalo halikupi utamu wake mpaka uutolee jasho. Waliowahi kulimiliki wanalisifu na kulilalamikia kwa mkupuo mmoja, na wote wana haki.

Ukiliendesha gari aina ya Honda S2000 kwa kuiheshimu sheria ya mwendo wa mjini, unaweza kukaa nalo mwaka mzima bila kuionja injini uliyoilipia. Hesabu yake ni nyepesi. Injini hiyo ina tabia mbili, na ile inayowafanya watu walitafute gari hili mpaka leo huamka mizunguko ikikaribia 6,000 kwa dakika. Katika gia ya kwanza, mizunguko hiyo hulikuta gari likiwa kwenye kilomita 48 hivi kwa saa. Katika gia ya pili hulikuta kwenye 73. Kibao chetu cha maeneo ya makazi kinasema 50. Kwa hiyo raha yote imewekwa kilomita mbili tu kabla ya tochi ya trafiki, na ili uipate hapo inabidi ubaki gia ya kwanza, injini ikipiga kelele, huku mwenye bodaboda pembeni akikutazama na kujiuliza kama umesahau kubadilisha gia.

Gari lenyewe lina viti viwili, boneti ndefu na gia sita za mkono. Injini iko mbele, na matairi ya nyuma ndiyo yanayosukuma. Lilitengenezwa Japani kuanzia 1999 hadi 2009, na jumla yaliyotoka kiwandani ni 110,000 na ushee. Hayo ni machache mno ukiyaweka karibu na Mazda MX-5, gari jingine la wazi la Kijapani, lililofikisha milioni moja mwaka 2016. Lakini katika magari ya bei ya mtu wa kawaida ni vigumu kupata lililoacha ubishi mwingi kiasi hiki. Wapo wanaoapa kwamba hawajaendesha kitu kitamu zaidi. Wapo waliolinunua kwa mapenzi na kuliuza ndani ya msimu mmoja.

Ukisikiliza pande zote mbili utagundua kwamba zinazungumzia jambo moja. Kila adha ya S2000, ukiifuata mpaka chanzo chake, inakufikisha palepale raha ilipotoka. Ni gari lisilotoa kitu bila kudai kitu.

Nyumba iliyozoea kukimbiza injini

Kampuni ya Honda ilianzishwa mwaka 1948 na Soichiro Honda, fundi aliyepata jina kwa pikipiki na ambaye hakukubali kwamba injini ndogo lazima iwe dhaifu. Dawa yake ilikuwa kuizungusha haraka kuliko wenzake walivyothubutu. Mwingereza Mike Hailwood alipotwaa ubingwa wa dunia wa pikipiki za sisi 250 mwaka 1966 na kuutetea 1967, Honda aliyoipanda ilikuwa imebanwa silinda sita ndani ya ukubwa huo mdogo, na mizunguko yake ilifika 18,000 hivi kwa dakika.

Kampuni ilipoingia kwenye magari mwaka 1963, ilikuja na tabia ileile. S500 ilikuwa gari la wazi la viti viwili lenye injini ya sisi 531, lililotoa nguvu yake kubwa kwenye mizunguko 8,000, na minyororo ndiyo iliyozungusha matairi ya nyuma. Zikafuata S600 na S800, kisha herufi hiyo ikalala kwa miongo kadhaa.

Iliamshwa kwenye maonyesho ya magari ya Tokyo ya mwaka 1995, Honda ilipoonyesha gari la majaribio lililoitwa SSM. Aprili 1999 likaingia sokoni likiwa S2000, zawadi ambayo kampuni ilijipa kwa kutimiza miaka 50. Mhandisi mkuu alikuwa Shigeru Uehara, ambaye kabla ya hapo aliongoza kazi ya kuunda NSX, gari la kifahari ambalo Honda ilitaka lisimame mbele ya Ferrari. Bei ya S2000 nchini Japani ilianzia yeni milioni 3.38.

Takwimu za injini ziliwashangaza watu. Ukubwa wake ulikuwa sisi 1,997, silinda nne, bila turbo. Toleo la Japani lilitoa nguvu farasi 250 kwenye mizunguko 8,300, na matoleo ya Ulaya na Marekani yalitoa 240. Mstari mwekundu ulichorwa kwenye 8,900. Vijana wetu wanaoijua Toyota Altezza wataelewa haraka: injini ya Altezza yenye gia sita nayo ina lita mbili na haina turbo, nayo ilisifiwa sana ilipotoka mwaka 1998, lakini ilitoa nguvu farasi 210 kwenye mizunguko 7,600.

Kwa nini ikimbizwe hivyo

Nguvu ya injini ni zao la mambo mawili: injini inasukuma kwa kiasi gani kila inapozunguka, na inazunguka mara ngapi. Anayetaka nguvu zaidi ana njia tatu. Aongeze ukubwa wa injini, aishindilie hewa kwa turbo, au aizungushe haraka. Honda ilizikataa mbili za kwanza, ikabaki na ya tatu, ambayo ndiyo ngumu kuliko zote.

Ugumu wake ni huu. Mizunguko 8,900 kwa dakika ni mizunguko 148 kwa sekunde. Kila pistoni inapanda na kushuka mara 148 kabla hujamaliza kutamka neno “ishirini”. Safari yake ndani ya silinda ni milimita 84 tu, lakini wastani wa mwendo wake unafika mita 25 kwa sekunde, sawa na kilomita 90 kwa saa, na mwisho wa kila safari lazima isimame kabisa na kugeuka. Kila chuma kilichomo humo kinavutwa na kusukumwa karibu mara 300 kwa sekunde. Injini ya kuvumilia hayo, na kuyavumilia kwa mtu anayeitumia kwenda kazini, haiungwi kwa vifaa vya kubahatisha.

Tatizo la pili ni pumzi. Injini inayozunguka kwa kasi hiyo inahitaji vali zifunguke sana na kwa muda mrefu ili hewa iwahi kuingia. Lakini vali za namna hiyo, mizunguko ikiwa midogo, huifanya injini itetemeke na kukohoa. Honda ilikuwa na jibu tangu 1989, lilipoingia kwenye Integra: VTEC. Kamshafti ina vinundu vya aina mbili. Kwenye mwendo wa kawaida vali hufuata vinundu vifupi, na gari linakuwa na adabu. Mizunguko ikifika pale palipopangwa, kompyuta inafungua njia ya oili, presha inasukuma pini ndani ya roka, roka zinashikana, na vali zote zinaanza kufuata kinundu kirefu. Yote hayo hutokea kufumba na kufumbua.

Bei ya uamuzi huo inalipwa huku chini. Nguvu ya kuzungusha ya injini hii hufikia kilele kwenye mizunguko 7,500, nayo ni Nm 208 tu kwa toleo la Ulaya. Injini ya dizeli ya Land Cruiser hardtop, ile inayobeba watalii na wagonjwa nchi nzima, hufikia kilele chake mizunguko ikizidi 2,000 kidogo, na hapo inavuta kwa nguvu kuliko S2000 itakavyowahi kuvuta. Ndiyo maana mtu anayeijaribu S2000 kwa mara ya kwanza kwenye foleni, akiipeleka mizunguko 3,000 kama alivyozoea, hushuka akiwa ameduwaa na kuuliza: ndiyo hii?

Pale 6,000 inapopita

Sasa chukua barabara ya wazi, yenye ruhusa ya mwendo na isiyo na watu. Unageuza ufunguo, kisha unabonyeza kitufe chekundu. Mbele yako hakuna mishale. Kuna upinde wa vijiti vya rangi ya chungwa vinavyowaka kimoja baada ya kingine kadiri mizunguko inavyopanda, na chini yake tarakimu kubwa za mwendo. Honda ilisema wazi kwamba ilichukua wazo hilo kwenye magari ya mashindano. Mkono wa kushoto unakuta mpini wa gia mfupi, na safari yake kutoka gia moja hadi nyingine ni ya kifundo cha mkono, si ya bega.

Gia ya pili. Unakanyaga mafuta mpaka chini. Kwenye 3,000 gari linakwenda kistaarabu. Kwenye 4,500 linaanza kukaza sauti, lakini bado ungeweza kuliita gari dogo la kawaida. Upinde unapita 5,500, na mtu asiyelijua angeshabadilisha gia. Wewe usibadilishe. Karibu na 6,000 sauti inabadilika ghafla, kutoka mngurumo hadi mlio mkali wa chuma, na mgongo unahisi kiti kikikusukuma upya. Kutoka hapo mpaka 8,900 kuna karibu mizunguko 3,000 ambayo magari mengi hayana kabisa, na katika S2000 ndiyo mizuri kuliko yote. Inaisha kwa sekunde chache. Ukifika mstari mwekundu katika gia hiyo ya pili, mwendo umeshazidi kilomita 100 kwa saa.

Kinachowakamata watu hapo ni kwamba kasi hiyo umeitengeneza mwenyewe. Gari la turbo humpa dereva nguvu hata akiwa mvivu. Hili lilikutaka uchague gia, uvumilie kelele, usubiri, kisha ubadilishe kwa wakati ili gia ya tatu ikukute bado uko juu ya 6,000. Ukipatia, unajua umepatia. Ukikosea, injini inaangukia kwenye ile tabia yake ya upole, na kona nzima imeharibika. Wamiliki wengi husema baada ya miezi kadhaa ndipo mikono na miguu yao ilipoanza kufanya hivyo bila kufikiri, na kwamba furaha ya kweli ilianzia hapo.

Usukani na mwili wa gari vinasaidia. Injini imesogezwa nyuma ya mstari wa matairi ya mbele, hivyo uzito wa kilo 1,250 hivi umegawanyika karibu nusu kwa nusu. Magari mengi yaliyokatwa paa hulegea na kutetemeka kwenye barabara mbovu kwa sababu paa ndilo lililokuwa likishika mwili. S2000 haikukatwa paa. Ilichorwa tangu mwanzo bila paa, na katikati yake kuna uti mpana wa chuma unaoshika mbele na nyuma.

Kuchumia kivulini, kulia juani

Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Mwenye gari la paa la kukunja hugeuza methali hiyo: huchumia kivulini, ofisini penye kiyoyozi, kisha huchukua alichokipata na kwenda kulia juani.

Kulifungua paa la S2000 ni kazi ndogo. Gari limesimama, breki ya mkono imevutwa. Unafungua komeo mbili juu ya kioo cha mbele, unashika swichi, na kwa sekunde sita hivi paa linajikunja nyuma ya viti. Kilichobaki ni kifuniko chake, ambacho unakifunga kwa mkono, kishikizo kwa kishikizo, kama una subira.

Raha inayofuata haipimwi kwa takwimu. Asubuhi na mapema, au jua likishuka, unaendesha ukiwa ndani ya mahali unapopita: harufu ya udongo uliolowa, moshi wa mahindi ya kuchoma, ubaridi unaoingia ghafla barabara inapopita chini ya miti. Pia unaisikia injini bila kizuizi, na kwa gari linaloishi kwa sauti hilo si jambo dogo. Katika gari lililofungwa, mlio wa 8,000 huchosha. Kwenye uwazi unapanda angani na kukuacha.

Lakini hakuna masika yasiyo mbu. Saa sita mchana ukanda wa pwani, kupunga upepo ndani ya gari la wazi ni adhabu: utosi unawaka, na ngozi ya kiti inachoma mapaja. Moshi wa lori lililo mbele unaumiliki wewe peke yako. Ukifunga paa, kelele za upepo na matairi kwenye kilomita 100 hufanya mazungumzo ya simu yawe ya kupigizana kelele. Paa lenyewe huchakaa pale chuma kinapolisugua kila linapokunjwa. Raba zake hukauka kwa jua na kupitisha maji. Magari ya miaka ya mwanzo yalikuwa na dirisha la nyuma la plastiki, ambalo hupauka na kupasuka. La kioo lilikuja kwenye matoleo ya mwaka 2002. Na mwizi hahitaji kuvunja kioo. Wembe unamtosha.

Ndani pia kuna kubanana. Usukani haupandi wala haushuki, na siti hairudi nyuma sana kwa sababu paa linataka mahali pa kulala. Mtu mrefu huendesha magoti yakiwa jirani na usukani. Buti lina kina lakini halina upana. Litabeba begi la siku mbili, si mzigo wa sokoni. Mtoto wa pili akizaliwa, mjadala umekwisha.

Injini isiyosamehe

Adha nzito zaidi ziko chini ya boneti, na hapa ndipo wengi wanaonunua kwa kuvutiwa na umbo huumia.

Ya kwanza ni kubadilisha gia vibaya. Gari lina kinga inayokata mafuta mizunguko ikizidi kiwango, lakini kinga hiyo inajua mafuta tu. Haiwezi kuyazuia matairi kuizungusha injini. Tuseme uko gia ya tatu kwenye mizunguko 8,500, unataka ya nne, mkono unavuta kushoto kidogo na kuiingiza ya pili. Ukiachia klachi, uwiano wa gia unailazimisha injini kuruka hadi zaidi ya 11,700. Kwa mizunguko hiyo springi za vali haziwezi tena kuzirudisha kwa wakati, na vali inaweza kugongana na pistoni. Hata injini ikinusurika, vikombe vidogo vinavyoshika springi za vali hubaki na nyufa zisizoonekana na kuja kuachia siku nyingine, pengine mikononi mwa mtu mwingine. Ndiyo maana mnunuzi makini, kabla ya kutoa fedha, huomba kifuniko cha juu cha injini kifunguliwe na vikombe hivyo vikaguliwe kwa kurunzi.

Ya pili ni oili. Magari ya mwanzo yalijulikana kwa kuila, hasa yakikimbizwa. Mwenye busara hupima kwa kijiti kila anapojaza mafuta, na hulala akijua kiwango chake. Kuna pia kirekebishaji cha cheni ya taiming kinachoanza kugonga kadiri kinavyozeeka, tapeti zinazohitaji kupimwa, na gia boksi inayokwaruza kwenye gia za chini kama wamiliki waliotangulia hawakuiheshimu. Hakuna kati ya haya kinachotisha kikiwahiwa. Vyote ni ghali vikipuuzwa.

Ya tatu ni mkia. Matoleo ya kwanza yalipata sifa mbaya ya kuchomoka nyuma ghafla, hasa kwenye lami iliyolowa. Dereva aliyeondoa mguu kwenye mafuta katikati ya kona aliweza kujikuta anatazama alikotoka. Mfumo wa kompyuta wa kulizuia gari lisiteleze ulichelewa sana kuja, ukafika matoleo yakikaribia kuisha. Honda ililegeza ukali huo kwa awamu, na mwaka 2004 ilibadilisha vyombo vya chini na kuweka rimu za inchi 17 badala ya 16. Matairi nayo ni ya kuchagua: ya mbele na ya nyuma hayalingani ukubwa, kwa hiyo huwezi kuyazungusha ili yaishe sawa, na tairi la bei rahisi kwenye gari hili ni hatari kuliko kwenye gari la familia.

Mwaka huohuo wa 2004, wanunuzi wa Marekani walipewa injini iliyokuzwa hadi sisi 2,157, na Japani ikafuata baadaye. Ulaya ilibaki na ya zamani mpaka mwisho. Sababu ilikuwa malalamiko yaleyale: gari halina nguvu huku chini. Pistoni ikaongezewa safari hadi milimita 90.7, na kwa kuwa safari ndefu humaanisha mwendo mkali zaidi ndani ya silinda, mstari mwekundu ukashushwa hadi 8,200 ili mwendo wa pistoni urudi palepale karibu na mita 25 kwa sekunde. Gari likawa jepesi kuishi nalo mjini. Mpaka leo kuna wanaosema likapoteza roho, na wengine wanaosema ndipo lilipopata akili. Sikuona mabishano haya yakipatiwa mshindi, na sitarajii. Wanaobishana wanajibu swali moja kwa tabia mbili: kiasi gani cha usumbufu uko tayari kukivumilia kwa ajili ya sekunde chache nzuri?

Ukitamani kulileta huku

Kwa kuwa Wajapani huendesha upande wetu wa barabara, msomaji anayepitia orodha za magari yaliyotumika atakutana na S2000 yenye usukani wa kulia na moyo utamdunda. Ni vizuri kuujua ukweli kabla ya kutuma fedha.

Kenya mlango umeshafungwa kwa mnunuzi wa kawaida, kwani gari lililopita miaka minane tangu lisajiliwe kwa mara ya kwanza haliruhusiwi kuingia, na S2000 ya mwisho ilitoka kiwandani 2009. Tanzania umri mkubwa haulizuii gari, ila unaliongezea ushuru. Ukubwa wa injini nao unahesabiwa: kiwango cha ushuru hupanda injini ikivuka sisi 2,000, kwa hiyo ile ya sisi 1,997 na ile ya 2,157 haziko kapu moja. Bei ya kununulia nayo si ya zamani. Magari safi ambayo hayajachezewa sasa huuzwa Japani kwa zaidi ya bei yake ya dukani ya mwaka 1999.

Likishafika, linakutana na matuta. Limelala chini, na kila tuta lisilo na vipimo, ambalo Toyota IST huliruka bila wasiwasi, hapa unalipanda kimshazari ukisali. Petroli inayopendekezwa ni ile yenye oktani kubwa. Hata ukiendesha kwa upole utatumia lita 10 hivi kwa kilomita 100, na tenki ni la lita 50. Fundi wa mtaani anaweza kabisa kubadilisha oili na pedi za breki. Kupima tapeti za injini hii au kuikagua gia boksi kunataka fundi mwenye kitabu chake na mwenye subira ya kukisoma. Spea za kufanyia sevisi hupatikana kwa kuagiza, lakini vitu vya mwili, kama taa, bampa na paa, vinaweza kulilaza gari gereji kwa miezi.

Barabara za kulifaa zipo. Ile inayopanda kutoka Mombo kwenda Lushoto, kona juu ya kona ndani ya ubaridi wa Usambara, ni kama ilichorwa na mtu mwenye gari la namna hii. Lakini ni nyembamba, ina mabasi, ina watoto wa shule. Sehemu ya juu ya upinde wa mizunguko haina nafasi pale. Japani mmiliki anaweza kulipa ada na kuingia uwanja wa Tsukuba, kaskazini ya Tokyo, akalikimbiza mpaka matairi yanuke. Sisi hatuna desturi hiyo, na kuifanya barabara ya umma kuwa uwanja ni kuchezea roho za watu ambao hawakuomba kushiriki. Anayelimiliki huku akubali kwamba mara nyingi atakula nusu ya sahani.

Lingine kama hili haliji

Mwishoni mwa 2008, katikati ya mgogoro wa fedha duniani, Honda ilijitoa Formula 1. Mwaka 2009 ikafunga uzalishaji wa S2000, na hakuna lililorithi kiti chake. Mwaka 2015 kampuni hiyohiyo iliweka turbo kwenye Civic Type R: lita mbili kama za S2000, lakini nguvu farasi 310 na Nm 400 zinazopatikana mizunguko ikiwa 2,500 tu. Kwa kila kipimo cha karatasi, injini hiyo inaishinda ya zamani. Inavuta mapema na haimchoshi dereva. Gari la umeme limekwenda mbali zaidi. Nguvu yake yote ya kuzungusha iko tayari kabla halijaanza kutembea.

Sina ugomvi na maendeleo hayo. Kwa anayewahi kazini au anayesafirisha familia, nguvu inayokuja bila kuitwa ni neema. Lakini raha ya kuendesha haikuwahi kuwa sawa na nguvu. Ilikuwa katika kujua jambo gumu na kulifanya vizuri, na S2000 ilimwachia dereva sehemu kubwa ya jambo hilo alifanye mwenyewe. Kelele zake, uchovu wake na klachi inayodai mguu ndiyo malipo. Atakayeyaondoa hayo ataondoa na kilicholipiwa.

Kwa hiyo ushauri wangu ni mfupi. Ukitaka gari la kuuza sura, kuna mengi ya kufungua paa yenye gia otomatiki na siti pana, na yatakupendeza zaidi. Ukitaka gari la kila siku, usilifikirie hili hata kidogo. Lakini ikiwa una gari jingine la shughuli, una fundi unayemwamini, mkono wako unajua gia ya nne iliko hata gizani, na hukereki kufungua boneti kila unapofika sheli, basi litafute la sisi 1,997 ambalo halijachezewa. Lipime kifuniko cha juu kikiwa wazi. Ukilipata safi, lilipie bei yake bila kunung’unika, kwa sababu kila mwaka yanapungua, na hakuna kiwanda kinachoyaongeza.